Safari ya Kisiwani: Siku Mbili Omuhipiti

Mwezi huu tumewaletea habari ya safari ya siku mbili tuliyoifanya sisi walimu watatu wa kujitolea pamoja na wanafunzi 12 wa darasa la Kiswahili la jioni. Tulikwenda kwenye Kisiwa cha Msumbiji, ambacho watu wa Nampula wanakiita Ilha basi, na wenyeji wenyewe kwa Kimakua wanakiita Omuhipiti. Wazazi mlichanga pesa ya gari, na ambao hawakuwa na pesa walitoa mahindi tukauza, kwa hiyo mna haki ya kujua mchango wenu ulikwenda wapi.

Kuna pia wale waliosimama kwenye mkutano wa wazazi wakasema waziwazi kwamba huo ni upotevu. Mtoto anasoma Kireno shuleni. Akipata bahati ya kupelekwa Marekani au Kanada atasoma Kiingereza. Sasa Kiswahili cha nini tena, na bahari itamlisha? Hatukuwachukia kwa maneno hayo. Hata watoto wenyewe wanajua shida ya lugha hii: ukiisema kwa sauti sokoni Nampula watu wanageuka, wameshajua huyu ni wa kambini. Tunao wanafunzi ambao wakiingia mjini wanamwambia mama yao "nyamaza kwanza" mpaka wapite kwenye kundi la watu. Tunawaomba tu msome habari hii mpaka mwisho, halafu tuongee tena kwenye mkutano.

Tuliondoka Jumamosi saa kumi ya alfajiri, bado giza. Kutoka kambini hadi Nampula ni kama kilomita 30, mnazijua wote. Kutoka Nampula kwenda pwani ni lami, kama kilomita 180, na kwa gari zima ni saa tatu au nne. Kwanza mnapita katikati ya ile milima ya mawe, jiwe moja kubwa kama mlima limesimama peke yake shambani, kama vile mtu alilitua akasahau kurudi kulichukua. Halafu mikorosho, mikorosho, mikorosho. Namialo gari likisimama akina mama wanakimbilia dirishani na ndizi, korosho na mayai ya kuchemsha. Hapo ndipo barabara ya Pemba inapokata kwenda kaskazini, na ndiyo njia waliyopita wengi waliokimbia vita vya Cabo Delgado tangu mwaka 2017. Dereva alituonyesha kwa kidole, hakusema kitu, na sisi hatukuuliza.

Mbele ya Namialo kuna Monapo, na hapo angalieni sana kama mnasafiri kwa chapa. Njia zinagawanyika: moja inakwenda Nacala bandarini, nyingine inakwenda kisiwani. Tulikuta watu wawili wenye mizigo wakigombana na kondakta kwa sababu walitaka Nacala na wako kwenye gari la Ilha. Njia nzima tulisimamishwa mara mbili, wakatazama vitambulisho na barua yetu ya ruhusa, tukaendelea. Kwa hiyo msitoke bila karatasi zenu, hata kama ni safari ya siku moja.

Baada ya Monapo nchi inalala, milima inaisha, minazi inaanza. Hewa inakuwa nzito na ina harufu ambayo watoto hawakuijua. Karibu na Lumbo, kijiji cha mwisho upande wa bara, kuna mashamba ya chumvi: vijiwa vya maji vilivyozungushiwa matuta, na kando yake marundo meupe. Watoto walibishana kama ni unga wa mhogo au chokaa. Tuliwaacha wabishane.

Lumbo tulishuka. Daraja la kwenda kisiwani lilijengwa miaka ya 1960, lina urefu wa zaidi ya kilomita 3, na ni jembamba, njia moja tu. Magari mazito hayaruhusiwi, kwa hiyo watu wanahamia kwenye magari madogo. Katikati ya daraja kuna sehemu zilizopanuliwa kidogo ambapo gari moja linasubiri jingine lipite. Sisi tulipanda nyuma ya pikapu, tumeshikana, maji kushoto, maji kulia. Wavulana walikuwa wanapiga kelele za furaha. Msichana mmoja alifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulipomuuliza alisema mama yake alimweleza jinsi walivyovuka Tanganyika usiku, mtumbwi umejaa, hakuna taa, mtoto akilia anazibwa mdomo. Yeye hakuwepo, alizaliwa baadaye. Lakini maji ya ile hadithi alikuwa nayo kichwani. Wazazi, tunayataja haya kwa heshima tu, tujue watoto wanasikia hata tunapodhani wamelala.

Sasa tuseme habari ya maji yenyewe, maana ndiyo yaliyowashangaza kuliko kila kitu. Wengi wenu mmetoka Uvira, Baraka, Fizi, Kalemie, mnalijua ziwa. Ziwa lina mawimbi, lina upepo mbaya, lakini asubuhi utalikuta mahali ulipoliacha jana. Bahari si hivyo. Tulipofika, maji yalikuwa yamekwenda zake. Mashua zimelala ubavu juu ya mchanga kama mbuzi waliochoka. Akina mama wako kule mbali, wameinama na vikapu, wanaokota kombe na kaa mahali ambapo baadaye pangekuwa na kina cha kumfunika mtu.

"Mwalimu, maji iko wapi? Ilikauka?"

Tulieleza habari ya mwezi na dunia kama ilivyo kwenye kitabu, kupwa na kujaa, mara mbili kila siku. Walitikisa vichwa kwa adabu lakini hawakuamini. Mvulana mmoja akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, akasema atakilinda, atajua kama tunasema kweli. Tukaenda kula. Tuliporudi saa tisa kijiti hakipo, mchanga haupo, na zile mashua zimesimama zinacheza juu ya maji. Yule mvulana alikaa kimya muda mrefu kabisa. Halafu akachota maji kwa kiganja akaonja, akatema. "Kumbe ni chumvi ya kweli." Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya hapo yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Nyumba zetu hapa kambini zingefunikwa na paa lake.

Chakula: samaki wa kuchoma, wali wa nazi, na mboga moja ambayo wapenzi wa sombe lazima muijue. Wanaiita matapa ya siri-siri. Matapa ya kawaida tunaila hata hapa, ni kisamvu na karanga. Hii ya kisiwani wanatumia majani manene madogo yanayoota ufukweni kwenye maji ya chumvi, wanapika na korosho na nazi. Wasichana walisema sombe ya mama ni bora. Sisi walimu tulirudia sahani.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu kama kilomita 3, upana mita mia chache tu. Unaweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Lakini kidogo hivyo, ndicho kilichoipa nchi nzima jina. Inasemekana mkubwa wa kisiwa zamani aliitwa Musa bin Biki, na Wareno wakalitamka jina lake kwa namna yao, likawa Moçambique. Vasco da Gama alifika hapo Machi 1498, akakuta mji wa Waislamu wa pwani wenye majahazi na biashara yao. Baadaye Wareno wakakaa moja kwa moja, na kisiwa kikawa makao makuu ya utawala wao katika nchi hii hadi mwaka 1898, walipohamia Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Tangu 1991 UNESCO imekiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Upande wa kaskazini ni mji wa mawe. Nyumba kubwa za ghorofa, nyingine zimetengenezwa vizuri na kupakwa rangi, nyingine hazina paa, mti umeota sebuleni. Kuna msikiti, kanisa na hekalu la Wahindu, vyote mnavifikia kwa kutembea kidogo. Kasri la gavana limepakwa rangi nyekundu. Lilianza kama shule ya mapadri Wajesuiti mwaka 1610, na siku hizi ni makumbusho. Kwenye ncha kabisa iko ngome ya São Sebastião, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1558. Waholanzi walikuja kuizingira mwaka 1607, wakarudi tena 1608, mara zote mbili wakaondoka mikono mitupu. Nyuma ya ngome, juu ya mwamba, kuna kanisa dogo la mwaka 1522.

Watoto hawakujali mizinga sana. Kilichowashika ni tangi la maji. Kisiwa hakina mto wala chemchemi, kwa hiyo ngome ilijengwa ili mvua yote inayoanguka juu yake itiririke kwenye tangi kubwa lililo ndani. Mnajua watoto wetu, kila mmoja ameshawahi kupanga ndoo kwenye foleni ya bomba. Walipima kwa macho, wakahesabu ndoo, wakabishana ni familia ngapi. Hatukupata nafasi kama hiyo ya kufundisha hesabu mwaka mzima.

Upande wa kusini ndipo wanapokaa watu wengi, na ndipo tulipolala. Mtaa huo unaitwa Macuti. Watoto waliposikia jina walicheka: ndiyo makuti yale yale tuliyoyasoma kitabuni, majani ya mnazi ya kuezekea! Sasa sikilizeni. Ukitoka mji wa mawe unatembea barabarani, ghafla unaona paa za nyumba ziko usawa wa magoti yako. Nyumba ziko chini, kwenye mashimo, na unashuka ngazi kama unaingia kisimani. Mwenyeji wetu alitueleza sababu. Mawe ya kujengea zile nyumba kubwa na ngome yalichimbwa hapa. Waliyachimba miaka na miaka, na katika mashimo yaliyobaki wakakaa wale waliochimba na watoto wao.

Mwanafunzi mmoja alisimama pale juu ya ngazi, akatazama kaskazini, akatazama chini. "Kwa hiyo ile nyumba nyekundu ilitoka humu ndani ya shimo?"

Ndiyo, ilitoka humo, au jirani na hapo. Na mvua kubwa ikinyesha, maji ya mji yanateremkia kwenye mashimo.

Mwenyeji wetu ni mama wa makamo, anapangisha chumba na ua. Wasichana walilala ndani, wavulana kwenye mikeka barazani. Tuliongea naye kwa Kireno chetu cha kuvunja-vunja na Kimakua cha watoto, maana watoto wanakijua vizuri kutuzidi. Tulipomwambia tunatoka Maratane hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja tu: Gombe iliwafanya nini? Tukamwambia. Ile kimbunga ya tarehe 11 Machi 2022 iliyoangusha nyumba zetu ilipita kwanza kwao, ilianzia pwani hapo Mossuril. Yeye paa lake lilikwenda lote, akakaa chini ya turubai kama sisi. Tukakuta tunalinganisha ukubwa wa maturubai. Na mama yake mzazi, alisema, hakuzaliwa kisiwani. Alikuja na godoro kichwani wakati wa vita vya ndani, vile vilivyoisha mwaka 1992, pamoja na watu wengi wa bara waliovuka daraja hilo hilo kutafuta usalama. Walibanana mpaka mtu akilala hawezi kunyoosha miguu. Waliobaki ndio hao wenyeji wa leo.

Jioni, baada ya magharibi, watoto walikuwa uani wanagombea mkeka kwa Kiswahili chetu kile cha nyumbani, kwa sauti ya juu. Tulikuwa tunataka kuwanyamazisha. Ndipo tukasikia sauti ya mzee ng'ambo ya ua wa matete:

"Nani asema Kiswahili huko?"

Watoto wakanyamaza kabisa. Wanajua hilo swali, mjini likiulizwa mara nyingi si kwa wema. Mwenyeji akacheka, akaenda kumshika mzee mkono na kumleta. Ana kofia nyeupe na fimbo, macho hayaoni vizuri. Alikaa kwenye kiti, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hapo uso wake ukabadilika.

"Mwatoka Unguja, wanangu?"

"Hapana mzee. Tunatoka Kongo."

"Kongo!" Akarudia mara mbili. "Kiswahili kimefika mpaka Kongo?"

Ilibidi mtu ajibu. Aliyejibu ni mmoja wa wale wasichana ambao sokoni humwambia mama yake anyamaze. Akasema kwetu kila mtu anakisema, hata mbuzi tunazifukuza na Kiswahili. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akataka asikie zaidi. Akauliza kwenu samaki mwaitaje, mvua mwaitaje, mama akikasirika asemaje. Watoto wakamwambia mikeke, ndagala, na mengine ambayo hatutayaandika hapa. Waliposema "mama iko nyumbani" akatikisa kichwa: "Mimi ningesema yuko. Lakini endelea, nimekuelewa." Na wao walimshangaa yeye. Mmoja alituambia kwa kunong'ona, "Anasema kama kitabu."

Alijifunza kwa mwalimu wake wa Kurani, na huyo mwalimu alisomea Unguja. Zamani, alisema, wazee wengi wa hapa walikisema. Mmoja mmoja wamekwisha, na tangu rafiki yake wa mwisho afariki hajapata mtu wa kuzungumza naye. Wajukuu wanakisikia kama Kiarabu tu.

Maneno ya mzee si ya kujisifu. Tariqa mbili kubwa za kisiwani, Shadhiliya na Kadiriya, zilikuja kwa njia ya Komoro na Unguja, ya kwanza mwaka 1897 na ya pili miaka michache baadaye. Na jambo ambalo sisi walimu tulitaka kila mzazi alijue ni hili: katika karne ya 19, masultani na mashehe wa pwani hii walipotaka kumwandikia mkuu wa Wareno kuhusu kodi, biashara, mipaka au ugomvi, waliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wareno waliweka wakalimani wa kuzitafsiri, na barua hizo nyingi bado zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa kule Maputo. Yaani mkubwa wa serikali, ndani ya kasri lake, anasubiri mtu amsomee Kiswahili ndipo ajue ameambiwa nini. Tuliwaeleza watoto hivyo usiku ule ule. Hawakusema kitu, lakini kesho yake sokoni kisiwani tuliwasikia wakiitana kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa sauti, kama wako Baraka.

Na maneno mengine walianza kuyaokota wenyewe. Wenyeji wanasalimiana "salama". Ukimpa mtu kitu anasema "koshukuru". Vijana wanauza shanga ndogo ndogo za zamani ambazo bahari inazitapika kutoka kwenye meli zilizozama, na wanaziita missangas. Sisi kwetu tunasema busanga. Tulihesabu maneno kama hayo hadi 23, tukayaandika ubaoni tuliporudi. Kimakua ni lugha yake yenyewe, hatusemi ni Kiswahili, lakini wamekaa ujirani miaka mingi.

Jumapili asubuhi tuliwaona wanawake wamepaka nyuso nyeupe, musiro, unaosagwa kutoka kwenye mti kwa jiwe na maji kidogo. Wengine walikuwa wamevaa sare wakienda kucheza tufo, ngoma ya wanawake wenye matari na nyimbo za kwaya. Hatukukaa kuiona yote, gari linasubiri. Hilo linatuuma mpaka leo.

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye Bustani ya Kumbukumbu, karibu na maji. Ni ya kuwakumbuka waliouzwa. Kutoka kisiwa hiki watu walipakiwa kwenda Brazili, Kuba, na visiwa vya Bahari ya Hindi. Ureno ilikataza kuwasafirisha mwaka 1836 lakini biashara iliendelea kwa siri miaka mingi. Tuliwasimulia watoto meli moja, São José. Iliondoka hapa Desemba 1794 ikiwa na watu zaidi ya 500 chini ya sitaha, kwenda Brazili. Tarehe 27 ya mwezi huo huo ilivunjika karibu na Cape Town. Watu 212 walikufa majini. Waliookolewa waliuzwa huko huko. Mwaka 2015 udongo kutoka Mossuril, ng'ambo tu ya kisiwa, ulipelekwa ukamwagwa baharini mahali meli ilipozama. Wengi wa waliokuwa ndani walikuwa Wamakua, watu wa nchi hii ambayo sisi tunalima.

Na ukisimama hapo, ng'ambo ya maji, ndiko iliko Lunga. Tarehe 7 Aprili 2024 mashua ya uvuvi iliyobeba watu kama 130 ilitoka Lunga kuja kisiwani ikazama. Waliokufa ni wasiopungua 98, wengi wao watoto. Walikuwa wanakimbia kipindupindu, au tuseme walikuwa wanakimbia maneno, habari za uongo zilizosambaa kuhusu ugonjwa huo. Yule msichana wa darajani aliuliza kama walikuwa na taa. Tukamwambia ilikuwa mchana. Akauliza basi kwa nini. Hatukuwa na jibu la kumpa pale, tulimshika bega tu. Kurudi kwenye daraja alikaa ukingoni mwa pikapu, macho wazi, anahesabu zile sehemu za kupishana.

Kwa familia inayotaka kwenda: tokeni alfajiri, maana mchana jua la pale halina mchezo na kivuli ni kidogo. Bebeni maji ya kunywa. Nauli iulizeni Nampula kabla ya kupanda, inabadilika na bei ya mafuta. Ulizeni pia maji yanapwa saa ngapi, mfike wakati huo, watoto wakaone. Chumba Macuti ni rahisi kuliko mji wa mawe, na mtakula na watu. Musidharau vyakula, musikatae musiro mkipewa. Na mkipita mitaani kwa miguu jioni, ongeeni lugha yenu.

Hesabu ya mchango imebandikwa kwenye mlango wa darasa, kila mtu asome. Picha ziko ukutani ndani, wazazi karibuni jioni yoyote isipokuwa Jumapili. Yule mzee aliomba kitu kimoja tulipomuaga: kitabu chochote cha Kiswahili, hadithi au dini au hata cha shule, cha kumsomea mjukuu mmoja ambaye usiku ule alikaa karibu na watoto wetu akisikiliza. Kiwe na maandishi makubwa kwa sababu ya macho. Mwenye nacho nyumbani, hata kama kimechanika jalada, akilete kwa mwalimu wa zamu. Mpaka tunaandika haya vimefika viwili, na cha kwanza kimeletwa na baba mmoja kati ya wale waliosimama kwenye mkutano.